Mwanamke kuongoza madrasa si uzushi

Ukipita Majengo hapa Moshi jioni utasikia watoto wakisoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, na mara nyingi anayewasahihisha matamshi ni ustadhati, mwalimu wa kike. Likija suala la nani awe mkuu wa madrasa, wapo wanaosema dini haimruhusu mwanamke. Si kweli. Wanachanganya uimamu wa sala ya jamaa, wenye hukumu zake, na uongozi wa elimu.

Bi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, Mwenyezi Mungu amridhie, zimepokewa kwake hadithi za Mtume zaidi ya 2,000, na masahaba wakubwa walimwendea kuuliza. Karne ya 11, Karima al-Marwaziyya alisomesha Sahihi Bukhari, kitabu mashuhuri cha hadithi, mjini Makka, na al-Khatib al-Baghdadi, bingwa wa hadithi, alisoma kwake. Bibi huyu hakuwa na mzaha: nakala ya mwanafunzi ililinganishwa kwanza na nakala ya asili aliyokuwa nayo yeye mwenyewe.

Inaniuma ustadhati anapopanga ratiba, kukusanya ada na kuzungumza na wazazi, kisha cheo kikaenda kwa mwanamume asiyefika darasani. Kule Sokoto, Nigeria, karne ya 19, mwanazuoni wa kike Nana Asma'u aliandaa walimu wanawake waliowafuata wenzao vijijini kuwasomesha.