Stesheni iliyoponzwa na urefu wa treni

Watu wakienda Paris wanapiga picha na ile saa kubwa ya Musée d'Orsay, makumbusho ya sanaa, wanaposti, wanarudi nyumbani, na wengi hata hawajui kwamba walikuwa wamesimama stesheni. Mimi kazi yangu ni reli, kwahiyo nikiingia pale michoro naiweka pembeni kwanza, nawaza njia za treni zilizokuwa chini ya miguu yangu.

Iko hivi. Kampuni ya reli ya Paris-Orléans ilikuwa inaishia stesheni ya Austerlitz, mbali kidogo na katikati ya mji, na Maonyesho ya Dunia ya 1900 ndo hayo yanakuja, wakataka abiria washukie mjini kabisa. Wakapata kiwanja kando ya mto Seine chenye magofu ya jumba lililochomwa 1871. Shida ikawa moshi. Nani alale hoteli ya kifahari ya stesheni huku chini yake vichwa vya makaa ya mawe vinapuliza usiku kucha? Wakaamua umeme: treni ikifika Austerlitz inafunguliwa kichwa cha mvuke, inafungiwa cha umeme, af inapita handakini kama kilomita nne hivi hadi Orsay.

Moshi ulipoondoka ndo mbunifu wa jengo, Victor Laloux, akapata uhuru wa kuezeka ukumbi wa vioo wenye kimo cha mita 32, njia 16 zikakaa chini, tiketi na huduma zingine juu, na lifti za kupandisha abiria na mizigo. Kwa nje akalivisha mawe jengo zima lisiaibike mbele ya jumba la Louvre ng'ambo ya mto, kumbe ndani kuna chuma kingi kuliko cha mnara wa Eiffel!

Sasa hapa ndo patamu. Umeme uleule ukaendelea kusambaa kwenye reli za mbali, treni zikawa ndefu, na majukwaa ya Orsay yamebanwa pale chini huwezi kuyavuta. Kufika 1939 safari za mbali zikahamishwa, zikabaki treni za vitongojini tu. Yaani miaka 39 basi.

Baada ya hapo ikawa ya kazi yoyote ile, 1945 ilipokea mateka waliorudi kutoka Ujerumani, hoteli ikafungwa 1973, na kulikuwa na mpango wa kuibomoa stesheni kabisa mpaka serikali ilipoiweka kwenye orodha ya majengo ya kulindwa. Makumbusho yakafunguliwa 1986. Ila treni hazikuondoka: RER C, njia ya treni za mjini na vitongojini, inapita hapohapo chini, na tangu 1979 haiishii tena Orsay, inanyoosha hadi stesheni ya Invalides na kuendelea.