Klamidia inayorudi: maambukizi mapya au bakteria walewale?

Mwanamke ametibiwa klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, na miezi mitatu baadaye kipimo kinaonyesha anayo tena. Huenda bakteria wa kwanza walikufa na wengine wakaingia kwa kujamiiana. Huenda pia walewale hawakuisha mwilini.

Mara nyingi ni maambukizi mapya, kutoka kwa mwenza asiyetibiwa. Mwanamume anaweza kuwa na klamidia bila usaha wala maumivu, hivyo haoni sababu ya kumeza dawa. Wote aliojamiiana nao ndani ya siku 60 zilizopita watibiwe, na wasijamiiane mpaka zipite siku 7 tangu dozi ya mara moja, au dozi ya siku 7 iishe kwa wote wawili.

Bakteria kubaki ni jambo gumu zaidi. Klamidia huishi ndani ya seli. Kinga ya mwili inapoinyima triptofani, kirutubisho inachokitegemea, huacha kugawanyika, huvimba na kutulia bila kufa. Hilo limeonekana wazi maabara. Kulithibitisha ndani ya mwili wa mgonjwa ni kazi nyingine. Kliniki hukutana zaidi na dozi isiyomalizwa, au antibiotiki ya azithromaisini, gramu 1, iliyoshindwa kuondoa klamidia ya njia ya haja kubwa, ambayo mwanamke anaweza kuwa nayo hata kama hajawahi kufanya ngono ya huko. Hapo antibiotiki nyingine, doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7, hufanya kazi vizuri zaidi. Isimezwe pamoja na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, maana hufyonzwa kidogo. Mjamzito hupewa azithromaisini.

Kuna na kosa la kupima mapema. Kipimo cha vinasaba hunasa hata mabaki ya bakteria waliokufa, kwa hiyo jibu la kabla ya wiki 4 halitegemeki. Mjamzito hupimwa baada ya kama wiki 4 kuhakikisha amepona. Wote hupimwa tena baada ya miezi 3.

Hata maabara ikilinganisha aina za bakteria, aina tofauti huashiria maambukizi mapya, lakini aina ileile haithibitishi kwamba walibaki: mwenza wake anaweza kuwa amemwambukiza tena ileile. Wala jibu la pili pekee si ushahidi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa.