Tuzo ya wilaya ya shule: ni nini hasa kinachotuzwa?

Mzazi aliyetoka Kongo au Burundi akahamia Houston, Louisville au mji mwingine wa Marekani, siku anapomwandikisha mtoto shule hukabidhiwa rundo la makaratasi, na si ajabu mojawapo ikajisifu kwamba wilaya hiyo ya shule imetunukiwa tuzo. Maneno yenyewe si magumu. Kilicho kigumu ni kujua tuzo hiyo imetolewa na nani, kwa kupima nini, na ina uhusiano gani na darasa ambalo mtoto ataketi Jumatatu asubuhi.

Kwa maana yake ya msingi, tuzo ya wilaya ya shule ni utambuzi rasmi, uwe kwa cheti, bendera, nishani au fedha, unaotolewa na chombo kilicho nje ya wilaya yenyewe kwa jambo ambalo chombo hicho kimelipima kwa vigezo vyake. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo husahaulika. Wilaya moja yaweza kutuzwa kwa uandishi mzuri wa hesabu zake, kwa programu yake ya muziki, kwa majengo yanayookoa umeme au kwa kuwainua watoto wa familia maskini katika kusoma, na tuzo zote hizo zikabandikwa ukuta mmoja, kwa fremu zinazofanana, kana kwamba zinasema jambo moja.

Neno wilaya hapa lisimpeleke msomaji kwa mkuu wa wilaya wala kwa halmashauri. Nchini Marekani wilaya ya shule kwa kawaida ni mamlaka ndogo inayojitegemea, ambayo kazi yake ni moja tu, kuendesha shule za umma katika eneo lake. Ina bodi, ambayo mahali pengi huchaguliwa kwa kura. Bodi humwajiri msimamizi mkuu, ambaye ndiye mtendaji. Na fungu kubwa la fedha zake hutokana na kodi ya nyumba na ardhi ya wakazi pamoja na ruzuku ya jimbo, huku serikali ya shirikisho ikichangia kiasi kidogo zaidi. Wilaya za aina hii ni kama 13,000, na mipaka yake haifuati lazima mipaka ya utawala mwingine: Kaunti ya Harris peke yake, katika jimbo la Texas, ina zaidi ya 20, zikiwemo Houston na Aldine. Ukubwa nao hupishana mno. New York ilikuwa na wanafunzi wapatao milioni moja ilipotuzwa mwaka 2007, ilhali Chugach, huko Alaska, ilikuwa na wanafunzi 214 ilipotuzwa mwaka 2001.

Kodi hiyo ya nyumba ndiyo inayoeleza kwa nini wilaya huzitafuta tuzo kwa bidii. Familia yenye uwezo huchagua pa kununua nyumba kwa kuangalia sifa ya shule za eneo, na sifa ikipanda, bei za nyumba hupanda nazo. Wilaya inapotaka kukopa kwa kuuza hati fungani ili ijenge madarasa, mara nyingi hulazimika kwanza kuwaomba wapiga kura idhini, na mpiga kura asiye na mtoto shuleni atataka kuonyeshwa kwamba fedha za awali hazikupotea. Cheti kilicho mapokezini, kwa hiyo, hakiwekwi pale kwa ajili ya mapambo tu.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni tuzo ya shule na tuzo ya wilaya. Utambuzi uliojulikana kuliko wote Marekani, ule wa Utepe wa Bluu, ulianzishwa mwaka 1982 na Terrel Bell, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa nchi hiyo, nao ulitolewa kwa shule mojamoja, za umma na za binafsi, kamwe si kwa wilaya. Shule ilipendekezwa ama kwa sababu matokeo yake yalikuwa miongoni mwa ya juu kabisa katika jimbo, ama kwa sababu ilikuwa imepunguza pengo la ufaulu kati ya wanafunzi wa makundi mbalimbali. Ilipata bendera na bamba la ukumbusho, bila fedha. Wilaya yenye shule 60, ambamo mbili zimepata utepe, huandika kwenye tovuti yake kwamba ni makao ya shule za Utepe wa Bluu. Haijasema uongo, lakini msomaji asiye makini huzivika utepe zote 60. Wizara ya Elimu ya Marekani iliufuta mpango huo mwishoni mwa Agosti 2025, ikisema masuala ya namna hiyo yaachiwe majimbo. Bendera za zamani zimebaki zikipepea, na nyingine zina umri mkubwa kuliko mwanafunzi yeyote aliye ndani ya jengo.

Tuzo zinazopatikana kwa wingi zaidi ni zile za mambo ya fedha, ambazo hazizungumziwi sana kwa kuwa hazina mvuto. Chama cha maofisa wa fedha wa serikali kijulikanacho kwa kifupi kama GFOA kimekuwa kikitoa cheti cha ubora wa taarifa za fedha tangu mwaka 1945, na chama kingine, ASBO, hutoa cheti cha aina hiyo kwa wilaya za shule. Ukiifungua taarifa ya fedha ya mwaka ya wilaya kubwa, kabla hata hujafika kwenye barua ya mkaguzi wa nje na majedwali, utakuta nakala ya cheti hicho ikiwa na jina la wilaya na mwaka wa fedha uliohusika. Hapa hakuna mashindano: kila anayeomba, akalipa ada na kutimiza masharti, hupewa, na ziko wilaya ambazo zimekipata miaka mingi mfululizo. Cheti kinasema kwamba hesabu zimeandikwa kikamilifu na kwa uwazi kiasi kwamba mtu wa nje anaweza kuzifuata. Hakisemi kwamba fedha zimetumika kwa busara, sembuse kwamba watoto wanajua kusoma. Kwa maoni yangu hii ni tuzo nyofu kuliko nyingi zenye majina makubwa, kwa sababu haidai zaidi ya kile ilichokipima.

Kinachochanganywa sana na tuzo ni daraja. Texas, kwa mfano, hutoa kwa kila shule na kila wilaya herufi kuanzia A hadi F, kwa kufuata mitihani ya jimbo na vipimo vingine vichache. Hilo ni tathmini ya lazima, na wilaya haiwezi kulikataa. Tuzo, kwa upande wake, huombwa au hupendekezwa, na anayeikosa hatajwi popote. Wasomaji wa Tanzania wanaujua mjadala huu kutoka mlango mwingine, kwani Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, kwa hoja kwamba utaratibu huo hauna tija na kwamba uligeuka kuwa njia ya kuzitangaza shule kibiashara.

Tuzo inayopima wilaya nzima kama chombo ni adimu. Mojawapo ni Tuzo ya Taifa ya Ubora ya Malcolm Baldrige, iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1987 kwa ajili ya viwanda na makampuni, wakati Wamarekani walipoingiwa na hofu ya kushindwa na bidhaa za Wajapani. Elimu iliongezwa mwaka 1999. Wakati huo aliyeiomba aliandika maelezo marefu kuhusu uongozi, mipango, watumishi, matumizi ya takwimu na matokeo, kisha wakaguzi wa kujitolea waliyachambua na, kwa waliofika mbali, waliwatembelea. Wilaya za kwanza kuipata, mwaka 2001, zilikuwa mbili: Pearl River ya jimbo la New York na hiyo Chugach niliyokwisha kuitaja.

Chugach inastahili kutazamwa kwa karibu. Wanafunzi wake 214 walikuwa wametawanyika katika eneo la maili za mraba 22,000 kusini mwa Alaska, vijiji vyake vingine havifikiki kwa barabara bali kwa ndege ndogo au boti, na watumishi wote walikuwa kama 30. Walichokifanya ni kuondoa madarasa ya kupanda kila mwaka. Mtoto alipangiwa viwango vya kufikia katika kusoma, hisabati, sayansi, utamaduni wa watu wake na stadi za kazi, naye alisonga mbele alipokwisha kuonyesha kwamba anakimudu kiwango, hata kama ingemchukua muda mrefu au mfupi kuliko mwenzake wa umri uleule. Wakaguzi hawakuishia kwenye alama za mitihani, bali walitaka kujua wilaya ilijuaje kwamba mtoto fulani amekwama, na baada ya kujua ilifanya nini. Hilo ni swali tofauti kabisa na la nani amepata alama nyingi.

Iliyovuma zaidi ilikuwa Tuzo ya Broad, iliyotolewa kuanzia mwaka 2002 na wakfu wa tajiri Eli Broad na mkewe Edythe kwa wilaya kubwa za mijini. Wilaya haikuruhusiwa kuomba; wakfu wenyewe ulichambua takwimu za wilaya zilizostahili, ukateua washindani wachache, ukatuma wachunguzi na kuliachia jopo uamuzi. Fedha zake, ambazo kuna miaka zilifika dola milioni moja kwa mshindi, hazikuingia katika akaunti ya wilaya bali zililipia masomo ya chuo ya wahitimu wake wa sekondari. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Long Beach, Boston, New York, Brownsville, Aldine na Miami-Dade zote ziliwahi kushinda.

Mshindi wa kwanza kabisa alikuwa Houston. Wakati huo wilaya hiyo ilikuwa mfano wa taifa. Msimamizi mkuu wake wa awali, Rod Paige, alikuwa amekwisha kuteuliwa Waziri wa Elimu mwaka 2001 kwa sifa za kazi aliyoifanya pale. Mwaka 2003 mambo yalianza kufumuka. Shule ya sekondari ya Sharpstown ilikuwa imeripoti kwamba katika mwaka wa masomo wa 2001–2002 hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyeacha masomo, ilhali wanafunzi 463 walikuwa wameondoka. Mchezo ulikuwa katika namba zilizojazwa kwenye fomu. Kila aliyeondoka alipewa namba ya sababu, kama vile kuhamia shule nyingine, kurudi nchi ya wazazi au kwenda kusomea cheti mbadala, na namba hizo zote hazikuhesabiwa kuwa ni kuacha shule. Wakaguzi wa jimbo walipozipitia kumbukumbu za wanafunzi wapatao 5,500 katika shule 16 za Houston, walikuta kwamba karibu 3,000 walipaswa kuhesabiwa kuwa wameacha masomo.

Tuzo hiyo haikutegemea takwimu za kuacha shule peke yake, na si haki kusema kwamba Houston iliipata kwa udanganyifu. Lakini kisa hicho kinaonyesha mahali ambapo tuzo nyingi huwa dhaifu: anayetuza hutegemea takwimu ambazo chanzo chake ni anayetuzwa. Karani wa shule akiandika namba isiyo sahihi, kosa hilo hupanda hadi wilayani, kutoka hapo hadi jimboni, na hatimaye huwafikia majaji likiwa ndani ya jedwali lisilo na doa.

Atlanta ilifika mbali zaidi. Beverly Hall, aliyeiongoza wilaya hiyo tangu mwaka 1999, alichaguliwa na chama cha wasimamizi wa shule cha Marekani kuwa msimamizi mkuu bora wa taifa mwaka 2009, matokeo ya mitihani yakiwa yamepanda mwaka hadi mwaka. Uchunguzi wa jimbo la Georgia uliotolewa Julai 2011 ulibaini udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa na kuwahusisha walimu na wakuu wa shule 178. Karatasi za majibu zilikuwa na alama za kufutwa nyingi mno, tena nyingi zikitoka jibu la makosa kwenda jibu sahihi, jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu halifanyi kwa bahati. Hall alishtakiwa, akakana, akafariki Machi 2015 kabla kesi yake haijasikilizwa. Mwezi uliofuata mahakama iliwatia hatiani walimu na viongozi wa shule 11.

Mwezi mmoja kabla ya kifo cha Hall, Februari 2015, wakfu wa Broad ulikuwa umetangaza kuisimamisha tuzo yake, kwa maelezo kwamba shule za mijini hazikuwa zikipiga hatua za kutosha. Houston ilikuwa imeshinda tena mwaka 2013, ikawa wilaya ya kwanza kuipata mara mbili. Miaka kumi baadaye, Juni 2023, jimbo la Texas liliiondolea bodi ya Houston iliyochaguliwa na wananchi mamlaka ya kuiendesha wilaya hiyo, likaweka bodi na msimamizi mkuu wake lenyewe. Sababu mojawapo ya kisheria ilikuwa shule moja tu, sekondari ya Phillis Wheatley, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imepata daraja la kushindwa, ingawa kufikia mwaka 2022 ilikuwa imekwisha kupanda hadi C.