Aya ya mwisho ya maelezo binafsi: yale ambayo waombaji wa uzamili wanapaswa kuyajua

Kila dirisha la maombi ya uzamili na uzamivu linapofungwa na majibu kutoka, sisi wa ofisi za udahili hupokea malalamiko yanayofanana: "Ufaulu wangu ni mzuri, wadhamini wangu wameniandikia vizuri, kwa nini nimeachwa?" Sababu zinaweza kuwa nyingi, na si utaratibu wetu kujadili ombi la mtu mmoja hadharani. Lakini ipo sehemu moja inayodhoofisha maombi mazuri, nayo iko mikononi mwa mwombaji mwenyewe: hitimisho la maelezo binafsi, yaani andiko fupi ambalo mwombaji anajieleza na kueleza kwa nini anaomba programu husika.

Hitimisho si mahali pa kuomba huruma. "Naomba sana mnifikirie, nitashukuru mno" ni maneno ya adabu, ila kamati ya udahili haina alama za kutoa kwa shukrani. Wala si muhtasari. Maelezo yenyewe ni kurasa moja au mbili. Msomaji hajasahau alichosoma dakika tatu zilizopita. Haya tumeyaeleza mara nyingi, na bado yanarudi.

Tunachotafuta pale mwisho ni jibu la swali hili: ukipewa nafasi, utaifanyia nini, na kwa nini katika programu hii? Sentensi kama "Shahada hii itanisaidia kutimiza ndoto yangu ya kuitumikia jamii" inaweza kufunga ombi la sheria, la uhandisi au la uuguzi bila kubadilishwa hata neno. Haisemi lolote kuhusu aliyeiandika.

Sasa mchukue muuguzi aliyeanza maelezo yake na wagonjwa wa kisukari wanaoacha dawa mara wanapopata nafuu. Akifunga hivi: "Bado sielewi kwa nini mgonjwa aliyeelimishwa vizuri huacha dawa. Somo la mbinu za utafiti litanifundisha kuliuliza swali hilo sawasawa, nami nakusudia kulifanyia tasnifu, kisha nirudi kliniki na njia bora ya kuwafuatilia wagonjwa," mwanzo na mwisho vimeshikana. Hajajisifu popote. Amekiri asichokijua, na jambo hilo halijampunguzia chochote. Katika ngazi hii, anayejua pengo la maarifa yake liko wapi ndiye anayefundishika. Mwombaji wa uzamivu anaweza pia kumtaja msimamizi anayemtarajia, mradi amesoma kazi zake na amehakikisha kwamba bado anafundisha hapo.

Usilete jambo jipya kwenye aya hii. Maelezo ya somo ulilofeli au mwaka uliosimama masomo yawekwe katikati, au kwenye nafasi yake ndani ya fomu.

Kuhusu urefu, tafadhali someni kwa makini. Fomu nyingine huhesabu maneno, nyingine huhesabu herufi pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Mifumo mingine hukataa andiko lililozidi kikomo. Mingine hulikata kimyakimya, na kinachokatwa ni mwisho. Mwombaji aliyeandika vizuri hujikuta sentensi yake imeishia njiani. Bandika andiko lako, hifadhi, toka, ingia tena, kisha usome sentensi ya mwisho kama ilivyo ndani ya mfumo.

Kunakili ni kosa. Taasisi nyingi hupitisha maelezo binafsi kwenye programu za kubaini mfanano wa maandishi, na hitimisho lililochukuliwa kwenye sampuli za mtandaoni ni rahisi kugundulika. Ombi linaweza kukataliwa. Ikibainika baadaye, nafasi inaweza kufutwa hata kama umeshasajiliwa, kwa sababu tamko uliloliridhia wakati wa kutuma lilithibitisha kwamba andiko ni lako. Matumizi ya akili unde (AI) yana masharti tofauti kila taasisi. Soma masharti ya unakoomba kabla hujaandika.

Kuacha jina la chuo kingine kwenye aya ya mwisho hakuna adhabu, ila kunatuambia kwamba hukurudia kusoma.

Ukigundua kosa baada ya kutuma, usifungue ombi la pili. Maombi mawili ya mtu mmoja huzua uhakiki unaochelewesha yote. Iandikie ofisi ya udahili kabla ya tarehe ya mwisho, taja namba ya ombi lako, eleza kosa kwa sentensi moja, kisha usubiri maelekezo. Tarehe hiyo ikipita, kamati itasoma kile kilichomo kwenye mfumo.