Je, Wajua? Jinsi Maabara Inavyotofautisha Testosteroni ya Mwilini na ya Kiwandani

Testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli, imo kwenye mkojo wa kila mwanamume. Sasa maabara inawezaje kumwambia mchezaji wa besiboli kwamba hii si yako, umejidunga?

Kazi huanza na uwiano. Mwili hutengeneza pia homoni pacha, epitestosteroni, ambayo haijengi misuli. Kwa watu wengi hizi mbili hutoka kwenye mkojo kwa viwango vinavyokaribiana. Ukijidunga au kujipaka testosteroni, hiyo moja hupanda peke yake, na pacha wake hushuka, kwa sababu ubongo ukiona homoni imejaa huziamuru korodani zipunguze kazi. Uwiano ukizidi 4 kwa 1, sampuli hutiliwa shaka.

Ni shaka tu. Wapo watu wenye uwiano mkubwa tangu kuzaliwa. Wapo pia, hasa Asia Mashariki, waliokosa jeni iitwayo UGT2B17, inayosaidia mwili kutoa testosteroni kupitia mkojo. Uwiano wao huwa mdogo mno, hivyo hata wakijidunga wanaweza kubaki chini ya 4.

Ushahidi mzito uko kwenye kaboni. Karibu asilimia 1.1 ya kaboni yote duniani ni kaboni 13, iliyo nzito kidogo kuliko kaboni 12 ya kawaida. Mimea hutofautiana katika kuipokea: mahindi, miwa, mtama na ulezi hubeba kaboni 13 nyingi kuliko soya, ngano, mpunga na maharage. Testosteroni ya kiwandani kwa kawaida hutengenezwa kutokana na soya. Ya mwilini hutokana na kolesteroli, na kolesteroli hubeba alama ya chakula unachokula, pamoja na chakula alicholishwa ng'ombe au kuku uliyemla. Wamarekani hula mahindi mengi kwa njia hiyo, kwa hiyo homoni zao huwa mbali na soya. Anayekula ugali wa mahindi kila siku naye yuko upande huohuo.

Kwenye maabara, homoni husafishwa kutoka kwenye mkojo, hutenganishwa moja moja, kisha kila moja huchomwa ndani ya tanuru dogo mpaka iwe kaboni dayoksaidi. Mashine hulinganisha gesi yenye uzito wa 44, ya kaboni 12, na ile ya 45, ya kaboni 13. Hapo usafi ndio kila kitu: homoni mbili zikitoka pamoja, jibu huwa mchanganyiko usiofaa kumhukumu mtu. Baadaye testosteroni hulinganishwa na homoni nyingine ya mchezaji huyohuyo, kama pregnanedioli, ambayo sindano ya testosteroni haiigusi. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu 3 hivi kwa kila 1,000, testosteroni hiyo imetoka nje ya mwili. Udhaifu upo: zimewahi kupatikana dawa ambazo kaboni yake inafanana na ya binadamu.

Lakini kemia nzuri haiokoi sampuli iliyosafirishwa vibaya. Tarehe 1 Oktoba 2011, Jumamosi, Ryan Braun, mchezaji wa timu ya besiboli ya Marekani ya Milwaukee Brewers, alitoa mkojo, na vyombo vya habari viliripoti baadaye kwamba uwiano wake ulizidi 20 kwa 1. Mkusanyaji aliamini kifurushi kisingeondoka kabla ya Jumatatu, akakihifadhi nyumbani kwake. Utaratibu ulitaka kikabidhiwe kwa msafirishaji siku hiyohiyo. Lakiri zilifika salama, lakini Februari 2012 msuluhishi alifuta adhabu. Ucheleweshaji si jambo dogo, kwani bakteria kwenye mkojo wenye joto wanaweza kubadilisha viwango vya homoni, na ndiyo maana maabara hutafuta dalili zao. Hata hivyo, bakteria hawageuzi kaboni ya mwilini kuwa ya soya. Mwaka 2013 Braun alifungiwa mechi 65 katika kashfa ya Biogenesis, kliniki ya Florida iliyowapa wachezaji dawa zilizokatazwa, akakiri kutumia dawa.

Kashfa hiyohiyo ilionyesha pengo kubwa zaidi, nalo ni muda. Alex Rodriguez, nyota wa New York Yankees, alifungiwa msimu mzima wa 2014, mechi 162, kwa ushahidi wa nyaraka, ujumbe wa simu na maelezo ya mwenye kliniki, bila kipimo hata kimoja kumnasa. Dozi ndogo za testosteroni za kumung'unya huingia haraka na kutoka haraka, na mpimaji akifika baada ya saa kadhaa huenda asikute kitu.

Ndiyo maana mwaka 2014 ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, na chama cha wachezaji walikubaliana kuongeza vipimo vya ghafla, na angalau sampuli moja ya kila mchezaji kwa mwaka ipimwe kaboni hata kama uwiano wake hauna tatizo. Kosa la kwanza likawa mechi 80 bila mshahara, la pili 162, la tatu maisha. Jenrry Mejia wa New York Mets alikuwa wa kwanza kufika hilo la tatu, Februari 2016.