Mnada au bei ya moja kwa moja? Namna bei inavyopatikana unapouza mtandaoni

Ukifungua tangazo jipya kwenye eBay, soko la mtandaoni la Marekani, unaweza kumaliza picha na maelezo kwa dakika chache, kisha ukakwama kwenye swali moja: unauza kwa mnada, au kwa bei ya moja kwa moja? Wauzaji wengi wapya huchagua mnada kwa sababu wamesikia kwamba humo watu hugombania vitu, halafu bei ya kuanzia wanaikisia tu. Wiki ikiisha, kitu walichokithamini kwa dola 60 kimechukuliwa kwa dola 9, na aliyeshinda ana haki yake. Muuzaji analalamika kwamba mtandao umemdhulumu. Ukweli ni kwamba mnada umefanya kazi yake ileile, ila hakuna aliyemweleza ni kazi gani.

Tuanze na maana. Kwenye bei ya moja kwa moja, muuzaji anataja bei na wa kwanza kukubali anaondoka na mali. Kwenye mnada, muuzaji anataja pa kuanzia tu, na wanunuzi wanapandisha dau mpaka muda uishe. Katikati yake kuna njia ya tatu: tangazo lina bei, lakini mnunuzi anaruhusiwa kuleta ofa na muuzaji akakubali, akakataa au akataja bei nyingine. Kwenye matangazo ya kwetu hii haina ugeni, ndiyo ile tunayoandika "maongezi yapo".

Kinachowapita wengi ni hiki: bei ya mwisho ya mnada haipangwi na mtu anayekitaka kitu kuliko wote. Inapangwa na anayemfuata.

Tuone kwa hesabu. Unauza bahasha ya zamani yenye stempu za Zanzibar, zile zenye sura ya Sultani zilizogongwa muhuri wa JAMHURI 1964 baada ya Mapinduzi. Bei ya kuanzia ni dola 5. Mjerumani mmoja anaingia na kuiambia mitambo ya eBay kwamba yuko tayari kufika dola 40. Bei haiendi 40. Inabaki 5, kwa sababu hana mshindani, na mitambo inampandishia dau pale tu inapobidi. Anakuja Mwingereza, kikomo chake ni dola 63. Sasa bei inaruka hadi 41, yaani kikomo cha Mjerumani na hatua moja juu yake (kwenye eBay ya Marekani, bei ikiwa kati ya dola 25 na 99.99, kila hatua ni dola 1). Siku ya mwisho Mmarekani anajaribu dola 50. Bei inafika 51, Mwingereza bado anaongoza, muda unaisha. Amelipa 51, na hakuna atakayejua kwamba alikuwa na 63 mfukoni.

Sasa mwondoe Mmarekani: bahasha imeuzwa kwa 41. Mwondoe na Mjerumani: imeuzwa kwa dola 5, kwa mnunuzi yuleyule ambaye angetoa 63. Kitu hakijabadilika, wala mnunuzi. Kilichopungua ni ushindani. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alichambua minada ya aina hii katika makala ya mwaka 1961, zamani kabla ya intaneti, na alionyesha kwamba pale mshindi anapolipa kwa kipimo cha dau la mshindani wake wa karibu, mnunuzi hana sababu ya kuficha thamani anayoiona. Kwa mnunuzi hiyo ni raha. Kwa muuzaji ni onyo: mnada wenye mnunuzi mmoja haukupi bei, unakupa ile namba uliyoiandika mwenyewe mwanzoni.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mnada jiulize kama kuna watu wawili wanaoitafuta mali hii wiki hii. Wawili hasa, si mmoja mwenye hamu kubwa. Stempu zile za Zanzibar zina nafasi nzuri, kwa sababu wakusanyaji wapo nchi nyingi na kila mmoja amehifadhi utafutaji wake ili ajulishwe kitu kikitokea. Muhuri uligongwa kwa mkono, kwa hiyo stempu moja si sawa na nyingine, na ni vigumu kuzipangia bei ukiwa nyumbani. Hapo mnada unafanya kazi ambayo wewe huwezi: unagundua bei. Ndivyo eBay ilivyoanza. Septemba 1995 Pierre Omidyar alifungua tovuti yake California ikiitwa AuctionWeb, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa tochi ya leza iliyovunjika, ikapata dola 14.83. Ni duka gani lingejua kukipangia bei kitu kama hicho?

Chaja mpya ya simu ni kinyume chake. Bei yake inajulikana, wauzaji ni mamia, na mnunuzi anaitaka leo, hataki kusubiri siku saba kisha akose. Mwaka 2000 eBay ilileta kitufe cha kununua papo hapo, na kadiri miaka ilivyokwenda bei ya moja kwa moja ikatawala. Liran Einav na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliona kwamba mabadiliko hayo hayakutokana na aina ya bidhaa wala uzoefu wa wauzaji. Hamu ya wanunuzi kwa minada ndiyo iliyoshuka ikilinganishwa na bei ya moja kwa moja. Anayekushauri leo uuze kila kitu kwa mnada ana ushauri wa enzi nyingine.

Namna ya kujua mali yako iko upande gani ni rahisi na haina gharama: tafuta vitu kama chako kisha chuja uone vilivyokwisha kuuzwa. Usiangalie vilivyo sokoni sasa, kwa sababu hizo ni bei wanazoomba wauzaji, na kuomba hakuna kikomo. Ukikuta vingi vimeuzwa kwa bei zinazokaribiana, soko limeshakujibu. Weka bei ya moja kwa moja hapohapo, au juu kidogo na ruhusu ofa. Ukikuta vichache, na bei zake zimetawanyika, kimoja dola 20 na kingine 110, huo ndio uwanja wa mnada.

Bei ya kuanzia ndiyo inayobishaniwa zaidi. Wapo wanaosema anza na dola 1, watu wajae. Wana hoja. Gillian Ku, Adam Galinsky na Keith Murnighan walionyesha mwaka 2006 kwamba bei ya chini ya kuanzia inaweza kuleta bei ya juu ya mwisho: watu wengi wanaingia, walioingia wanaona uchungu kuachia, na wingi wa madau unawaambia wengine kwamba kitu kina thamani. Ila faida hiyo inategemea mlango kuwa wazi. Tangazo likiwa gumu kuonekana, kwa mfano jina la bidhaa limekosewa herufi, umati hauji, na bei ya chini inabaki kuwa bei ya chini. Ndiyo maana naona ushauri wa dola 1 ni hatari kwa anayeuza kitu kisicho na wapenzi wengi. Kanuni ninayoiamini: anza na kiasi ambacho ukikipata peke yake, bila dau la pili, hutajuta. Ukiwa na uhakika wa umati, shuka chini yake. Usipokuwa nao, usishuke.

Wengine hujikinga kwa kuweka kima cha chini cha siri. Mnada unaanza chini, lakini dau lisipofikia kima hicho mali haiuzwi. Inaonekana kama kupata vyote viwili, lakini inagharimu. Rama Katkar na David Reiley walilijaribu kwa kadi za Pokémon, jozi 50 zinazofanana: kadi moja ya kila jozi ikaanzia kwenye kima kilicho wazi, nyingine ikaanza chini na kima cha siri. Zilizofichwa kima ziliuzika mara chache zaidi na zilitarajiwa kuleta bei ndogo zaidi. Mnunuzi makini akiona kima hakijafikiwa na hajui kiko wapi, anaondoka. Na kumbuka eBay inatoza ada kwa huduma hiyo. Kama kuna bei usiyoweza kushuka chini yake, iandike wazi iwe ndiyo bei ya kuanzia.

Kwamba kima cha chini hakileti wanunuzi, Afrika Mashariki tumeliona kwa kipimo kikubwa. Kwenye mnada wa chai wa Mombasa, ambao siku hizi unafanyika kwa kompyuta, serikali ya Kenya iliweka mwaka 2021 kima cha dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo wa chai. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na nia hiyo ni ya haki. Mkulima wa chai anaumizwa na bei asiyoipanga yeye. Lakini kwa chai ambayo hakuna mnunuzi aliyekuwa tayari kufika hapo, kima hakikuongeza bei. Kilizuia mauzo. Chai ikarundikana maghalani, na baadaye kima kikaondolewa.

Unaweza pia kuchanganya: mnada wenye bei ya kununua papo hapo pembeni. eBay inataka bei hiyo ipite bei ya kuanzia kwa asilimia 30 au zaidi. Jambo la kuangalia ni kwamba kwa kawaida kitufe hicho hutoweka mara tu dau la kwanza linapowekwa. Ukianzia dola 1 na kununua papo hapo ni dola 80, mtu yeyote anaweza kuifuta hiyo 80 kwa dau la dola moja. Mchanganyiko huu una maana pale ambapo bei ya kuanzia yenyewe inakuridhisha.

Nauli ya kutuma nayo ni sehemu ya bei, hata kama imeandikwa mstari mwingine. Tanjim Hossain na John Morgan waliuza CD na michezo ya Xbox kwenye eBay, wakagundua kwamba bei ndogo ya kuanzia yenye nauli kubwa mara nyingi ilileta fedha nyingi kuliko bei kubwa yenye nauli ndogo, ingawa kwa mnunuzi jumla ya kuanzia ilikuwa ileile. Usiuchukue utafiti huo kama ruhusa ya kuwabamiza watu kwenye nauli. Ada ya eBay sasa inakatwa kwenye jumla yote pamoja na nauli, na mnunuzi aliyelipa nauli kubwa kwa bahasha nyepesi atalisema hilo kwenye maoni yake, yakakufuata kwenye kila tangazo lako.

Muda wa kufunga una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mnada wa eBay unafungwa kwa saa maalumu, hauongezewi muda, kwa hiyo wengi huvizia na kuweka dau sekunde za mwisho. Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha na minada ya Amazon ya wakati ule, ambayo iliongezwa dakika kila dau la mwisho lilipoingia, wakakuta kuvizia ni kwingi zaidi eBay. Maana yake ni kwamba dakika zile za mwisho wanunuzi wako lazima wawe macho. Ukiweka mnada wa siku saba saa 4 asubuhi ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, utafungwa saa 4 asubuhi, na wakati wa kiangazi cha huko New York ni saa 9 usiku. Nani atakupandishia dau? Kwa wanunuzi wa Uingereza lenga Jumapili saa 2 usiku ya London, ambayo kwetu ni saa 4 usiku wakati wa kiangazi chao na saa 5 wakati wa baridi. Muda wa kuanza unaweza kuupanga mapema, huna haja ya kukesha.

Kuna njia ya mkato inayoshawishi: kumwomba ndugu au rafiki apandishe dau ili bei isogee. Usifanye. eBay inakataza, akaunti inaweza kufungwa, na ni kumwibia mnunuzi aliyekuamini. Uhaba wa washindani unatibiwa kwa jina sahihi la bidhaa, picha za pande zote na kasoro zikionyeshwa, na kufunga saa ambayo watu wapo.

Mnada ukiisha bila dau hata moja, usirudishe tangazo lilelile kwa bei iliyopunguzwa. Angalia wangapi walilifuatilia. Kama wapo, kulikuwa na hamu, ila kuna kitu kiliwazuia. Libadilishe liwe bei ya moja kwa moja yenye ofa, liachwe wazi mpaka mtu wake apite, kwa sababu kitu chenye mnunuzi mmoja kwa mwaka hakiwezi kumpata ndani ya siku saba. Na kama limeuzwa lakini mshindi hakulipa, eBay inakuruhusu kumpelekea ofa aliyeshindwa, kwa dau lake mwenyewe la juu. Kwenye ile bahasha ya Zanzibar, huyo ni Mmarekani, na dola zake 50.