Wale wa nyumbani wameambiwa nini?

Mama aliyejifungua njiti, yaani mtoto aliyewahi kuzaliwa kabla ya wakati wake, huwa na maswali matatu ya asubuhi: mtoto ana gramu ngapi leo, amekunywa maziwa kiasi gani, na tutaruhusiwa lini. Nikishamjibu, nami humuuliza langu moja: wale wa nyumbani wameambiwa nini?

Mara nyingi hunyamaza kwanza. Kisha nasikia kwamba wameambiwa mama amesafiri, au mama anaumwa, au hawajaambiwa kitu kabisa kwa sababu hata yeye mwenyewe bado hajui aseme nini. Siwalaumu. Mtu alikuwa na miezi miwili mbele yake ya kupanga mambo, ghafla uchungu ukamshika usiku. Ila kwa miaka niliyohudumia watoto wachanga wodini, nimejifunza kwamba njiti hapokelewi siku anayotolewa hospitali. Anapokelewa tangu siku aliyozaliwa, na wanaompokea ni pamoja na kaka na dada ambao hawajamwona.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla wiki 37 za mimba hazijatimia. Mwaka 2020 walizaliwa wapatao milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Hawalingani: wa wiki 35 anaweza kuhitaji tu kuangaliwa joto na unyonyaji wake kwa siku chache, ilhali wa wiki 27 ana safari ya miezi. Kwa hiyo usichukue habari za njiti wa jirani ukazifanya ratiba ya wako.

Sasa nirudi kwa wakubwa, yaani kaka na dada zake. Kuna baba alikuja na binti yake wa miaka mitano, wakasimama kwenye dirisha la wodi. Nilipotoka kuwasalimu, mtoto alinivuta nguo akaninong'oneza: "Ni mimi. Nilimrukia mama tumboni." Kumbe alikuwa na mzigo huo kwa wiki tatu, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na habari. Watoto wa umri ule huamini kwamba walichofanya, hata walichowaza tu, ndicho kilicholeta balaa. Usipowapa maelezo, watajitungia yao, na hayo ya kujitungia ndiyo mabaya zaidi.

Maneno ninayowapa wazazi ni mepesi: "Mdogo wako amezaliwa mapema, kabla mwili wake haujawa tayari. Si kosa lako, si la mama, si la baba. Yuko hospitali, anasaidiwa kupumua na kula mpaka aweze mwenyewe." Huwa nawaomba wasiishie kwenye neno "anaumwa". Mkubwa naye akipata homa mwezi ujao, ataanza kuwaza kwamba atachukuliwa na kuwekwa kwenye kisanduku cha kioo. Na msiahidi siku. Njiti hupiga hatua mbili mbele, akarudi moja, na Jumamosi mliyoahidi inaweza kumkuta amerudishiwa oksijeni.

Kabla mkubwa hajaletwa kumwona, kama wodi inaruhusu, aonyeshwe picha kwanza. Picha nzuri ni ile yenye mkono wa mtu mzima kando ya mtoto, maana mtoto akionekana peke yake kwenye simu huonekana mkubwa, na mshtuko huja pale mlangoni. Elezeni kila kinachoonekana. Kile kisanduku kinampa joto kwa sababu bado hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Ule mrija uliopita puani kwenda tumboni, mimi huuita kijiko chake. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi tatu kwa wakati mmoja, na watoto wengi huanza kuimudu karibu na wiki ya 32 hadi 34. Kabla ya hapo, anayelazimishwa titi au kikombe anaweza kupaliwa. Yule binti alilipenda sana neno hilo la kijiko.

Jambo la pili linahusu vifua. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa na mashine za joto zisizotosha, watoto wakiambukizana. Akaanza kuwaweka njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi sisi wauguzi tulifundishwa kwamba njia hii ya kangaruu ni ya mtoto aliyekwisha kutulia. Nami niliwaambia akina mama wengi wasubiri. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto waliozaliwa na gramu 1,000 hadi 1,799: walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa vifo kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri kutulia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake: kuanza mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Saa 8 hadi 24! Mama mwenye watoto wengine wawili nyumbani akisikia hivyo hucheka kwa uchungu. Ndiyo maana nasema hii ni kazi ya ukoo. Kifua cha baba kinatoa joto vilevile, na cha bibi pia, na cha shangazi asiye na kikohozi. (Akina baba huniuliza kuhusu vinyweleo vya kifuani. Havina neno.) Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, asimame wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo ili koo lisizibike. Kitambaa kimfunge imara, ukingo wake wa juu uishie chini ya sikio. Ukiwa umemfunga unaweza kutembea na kuzungumza. Na baba akiwa amembeba, mama anapata nafasi ya kumpakata mkubwa wake, ambaye hajakaa naye wiki nzima.

Maziwa ni kazi yake mama, na hapo sina njia ya mkato: akamue mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, hata kama kinachotoka siku za mwanzo ni matone ya kufunika chini ya kikombe. Matone hayo ya manjano ni kinga. Wengine wasaidie kwa kumwondolea kazi nyinginezo zote.

Siku ya kuruhusiwa wengi huitazama kwa mizani, wakidhani mtoto lazima afike kilo mbili na nusu. La. Sisi tunaangalia kama anakula mwenyewe, anaongezeka uzito, anatunza joto lake, na hasahau tena kupumua. Akitimiza hayo anaweza kwenda akiwa mdogo kuliko mlivyotarajia. Usiku wa kwanza nyumbani kinachowatisha wazazi ni ukimya, kwa kuwa walishazoea mlio wa mashine. Alazwe chali, mahali pagumu kidogo, bila mito wala midoli, na mtu yeyote asivute sigara ndani.

Wageni wanaweza kusubiri. Wakubwa wa humo ndani hawawezi, na wao ndio huleta mafua kutoka shuleni. Hakikisheni chanjo zao zimekamilika, hasa ya kifaduro. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, na hakuna kumbusu usoni. Lakini mkubwa asigeuzwe adui. Mpeni miguu: "Huku juu bado, wewe shika miguu yake." Akipata mafua akae mbali hadi apone, na aelezwe sababu. Akianza kukojoa kitandani upya, au kudai kulishwa, msimgombeze. Anauliza kama nafasi yake bado ipo.

Halafu kuna ile hesabu inayozua ugomvi wa familia. Njiti ana umri wa aina mbili. Aliyezaliwa wiki ya 32 ametangulia kwa wiki nane kabla ya zile 40 za mimba kamili, basi akifikisha miezi sita, mtarajieni afanye mambo ya mtoto wa miezi minne. Tunahesabu hivyo hadi miaka miwili. Bibi akisema "mwenzake kwa umri huu alikuwa anakaa", amweleweshe aliye na subira kuliko wenzake. Chanjo, hata hivyo, kwa kawaida hufuata tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo msiicheleweshe kwa kusema bado mdogo.

Na msingoje kliniki ijayo mkiona ameacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, midomo imekuwa ya bluu, kifua kinabonyea anapovuta pumzi, anakataa kula, ana homa, au mwili ni wa baridi hata baada ya kubebwa kifuani. Hapo ni hospitali, saa hiyohiyo.

Yule binti wa dirishani nilimwona tena mdogo wake alipoletwa kliniki. Baba yake aliniambia kwamba siku waliyofika nyumbani alimkagua mtoto kuanzia utosini hadi vidoleni, akakunja uso. "Mmesahau kijiko chake," akasema, na hakukubali kwenda kulala mpaka alipomwona ananyonya.